Bango la Fiifi Amissah

Hapa mjini Swedru kuna watu wa aina mbili: waliobembelezwa na Fiifi Amissah wanunue kitabu chake, na waliovuka barabara walipomwona anakuja. Mimi ni fundi cherehani, na duka langu limetazamana na baraza lake, kwa hiyo sikuwa na pa kuvukia. Kila asubuhi anaketi pale na simu, anaandika kwa kidole gumba kimoja, anacheka peke yake, kisha ananiita kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Dada Aba, leo nimemuua yule mchungaji!"

"Mzike basi, uniache nishone."

Akimaliza kuandika anakwenda kwa konokono wake. Anawafuga nyuma ya nyumba ndani ya matairi ya lori, anawalisha majani ya mpapai, na kila mmoja ana jina la mtu wa riwayani. Jioni ni drafti na wenzake, ambako hushindwa karibu kila siku, maana badala ya kutazama kete anasimulia sura mpya. Lakini kazi yake hasa ni kujipigia debe. Kurasa zilizoharibika kwa mchapaji huwapa wauza njugu wafungie njugu zao. Unamaliza kutafuna, unakutana na bibi harusi ananing'inia dirishani, na chini yake namba ya simu ya Fiifi. Siku moja alimpa kadi daktari wa meno aliyekuwa anamng'oa jino, koleo likiwa bado mdomoni.

Mimi nilivinunua vitabu vyake vyote tisa. Kama nilivisoma, tusiulizane.

Aliyeuliza ni mkewe, Araba, mwalimu wa hesabu asiyependa maneno mengi. Aliuliza uani kwao, nikiwa nampima gauni.

"Fiifi, vitabu tisa. Nani amewahi kumaliza hata kimoja?"

"Mji mzima!"

"Mji mzima umenunua ili uondoke mlangoni. Nauliza aliyesoma."

Fiifi akanitazama mimi. Mimi nikaitazama futi yangu.

"Basi sikia," akasema Araba. "Jumamosi unazindua cha kumi. Niletee mtu mmoja tu. Asiwe ndugu, asiwe wa drafti, na asiwe huyu Aba. Awe amesoma kitabu chako mpaka ukurasa wa mwisho. Usipompata, Jumatatu unakwenda Tema kwa kaka yangu kuuza samaki wa barafu, na habari za vitabu ziishe."

"Na nikimpata?"

"Sitakusumbua tena mpaka nife."

Fiifi alicheka, lakini siku hiyo konokono hawakupata majani. Nilimhurumia, nasema kweli.

Akakimbilia kwa Bentsil atengenezewe bango. Sasa Bentsil huchapa mabango ya misiba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, maana Jumamosi ndiyo siku yetu ya kuzika, na wiki hiyo alikuwa na marehemu kumi na wanne. Akachukua mpangilio uleule aliouzoea: ukingo mwekundu na mweusi, rangi zetu za msiba, picha ya Fiifi katikati ya shada la maua, jina la mke, majina ya watoto, ukumbi, Jumamosi saa tatu asubuhi. Fiifi naye, kwa kupenda sifa, akaagiza miaka yake ya uandishi iwekwe chini ya picha kwa tarakimu kubwa: 2009 – 2024. Neno "uandishi" lilitoka dogo kama chawa.

"Bentsil, hapa umejipita!" alisema. Alikuwa anatazama picha yake.

Jumatano bango lilikuwa kila ukuta, mpaka Asikuma. Sisi majirani hatukulisoma. Nani anasoma bango la mtu anayemwona kila siku? Wa mbali walilisoma, na marehemu hapigiwi simu. Ijumaa mzazi mmoja alimshika Araba mkono shuleni akamwambia ajipe moyo. Araba akadhani anasemea uzinduzi, akamshukuru.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Fiifi alichungulia kwenye pazia, akanishika bega kwa furaha.

"Aba, wamejaa!"

"Mbona wote wamevaa nguo za msiba?"

"Si Jumamosi hii? Kila mtu ana msiba wa kwenda. Wamepitia kwangu kwanza!"

Akatoka mikono juu, anatabasamu. Mayowe yaliyopigwa hapo sijayasikia tena. Viti vilianguka, mwanakwaya mmoja akaruka nje kupitia dirishani, na shemasi akaanza kukemea pepo. Bentsil ndiye aliyenyakua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tulieni! Marehemu hajafa!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakakasirika.

"Nimeacha msiba wa kweli Nyakrom kwa ajili ya huyu?"

"Haya, chakula kipo au nacho ni riwaya?"

Wakaanza kutoka. Kufumba na kufumbua tulibaki watu kama ishirini. Araba alikuwa kiti cha mbele, bado ameshika leso alizopewa za kumfariji. Fiifi akasogelea kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa watu.

"Kuna yeyote hapa," akasema, "aliyewahi kusoma..."

Nyuma kabisa akasimama mama mmoja mnene, macho yamevimba.

"Wewe mwanamume! Mimi naitwa Ewurasi, nakamua mawese kule Asikuma. Nimekulilia tangu Alhamisi."

"Nisamehe, mama."

"Sitaki msamaha! Kwa nini ulimwoza Mansa kwa yule dereva? Kitabu kizima anamkimbia, ukurasa wa mwisho unampa!"

"Mama, unajua..."

"Sijui! Nilimsomea mama yangu akiwa kitandani, sura moja kila jioni. Tulipofika mwisho alicheka, akasema, 'Huyo mwandishi nikimwona namchapa.' Hakucheka tena baada ya hapo. Nikasema nitakutafuta nikuulize. Nikaahirisha, nikaahirisha, mpaka nikakuta bango. Nimekuja nikuzike, maana wewe ndiye uliyemchekesha mara ya mwisho."

Fiifi, huyu aliyejipigia debe hata kwa mshika koleo, alijifunika uso kwa kitabu chake kipya, mabega yanatikisika. Nami nililia, na nusu ya machozi yangu yalikuwa ya aibu.

Araba akainuka. Tulidhani anakwenda kwa mumewe, lakini alimpita, akafika mezani palipopangwa vitabu vyote kumi, akavikumbatia, akavipeleka hadi kiti cha nyuma. Alisema kwa sauti ya chini, ila tulimsikia wote.

"Dada yangu, nimekaa na huyu mtu miaka kumi na minane. Sijasoma hata kimoja. Nianze na kipi?"

Ewurasi akafuta macho kwa kiganja, akavipekua kimoja kimoja, akachomoa cha tatu.

"Anza na hiki cha dereva," akasema. "Ukimaliza niite, twende tukamchape sote wawili."