Evasio na Kichwa cha Treni cha Vipande

Huko Casale Monferrato, mji ambao ukungu wa mto Po huingia bila hodi kuanzia mwezi wa kumi, alikuwepo dereva mstaafu wa basi aliyeitwa Evasio Grignolio. Hakuwa mlevi, karata alicheza kwa kushindania biskuti, na wanawake wa watu aliwaangalia kwa kiasi kinachoruhusiwa na mke aliyesimama karibu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kupita mbele ya kibanda cha magazeti mwezi wa Septemba akatoka mikono mitupu.

Septemba ndio mwezi wa matoleo ya kwanza. Watu wamerudi kutoka baharini wakiwa wamebabuka pua, kila mmoja amejiapiza kuwa mtu mpya, na pale kibandani yananing'inizwa maboksi makubwa bapa, kila moja na jarida lake na kipande chake cha kitu fulani cha kuunganishwa toleo kwa toleo. Toleo la kwanza ni bei ya kahawa. La pili ni bei ya chakula cha mchana. Kuanzia la tatu mtu mwenye busara huacha, na asiye na busara huacha kutazama bei.

Evasio alikuwa ameanza kila kitu. Nyumbani kwake palikuwa na mlingoti wa kwanza wa merikebu ya kivita, mfupa wa paja wa dinosaria asiye na mwili, na kikombe kimoja cha chai cha wanasesere ambacho mpaka leo anakana kukinunua. Vigari vidogo tu ndivyo vilivyomwendea vizuri, kwa sababu vilikuja vimekamilika na hapakuwa na cha kuharibu: mabasi ya zamani, magari ya zimamoto, malori ya maziwa. Vilijaa kabati la vioo sebuleni, na vikombe vya harusi vya mkewe Nives vikahamia kwenye boksi chini ya kitanda.

"Kwa kuanza, hakuna anayeniweza," aliwaambia wenzake baa. "Mungu angenipa mimi kazi ya kuumba dunia, mwanga mngekuwa nao. Pa kukanyaga ndipo mngepakosa."

Halafu kikaja kichwa cha treni. Kichwa cha mvuke, cheusi, cha chuma kitupu, kirefu kama mkono wa mtu mzima, cha kujengwa kipande kwa kipande kila wiki kwa zaidi ya miaka miwili. Toleo la kwanza lilikuwa na gurudumu moja, bomba la moshi, na kioo cha kukuzia kama zawadi. Evasio aliliingiza nyumbani chini ya koti. Nives alikuwa anamenya karoti, wala hakugeuka.

"Safari hii ni nini? Nyangumi?"

"Kichwa cha treni. Na hiki nitakimaliza."

"Utakimaliza kama ulivyomaliza kupaka rangi kibaraza."

Mtu akishaambiwa hivyo mbele ya karoti, hana pa kurudi nyuma. Evasio aliapa. Jumapili iliyofuata aliapa tena, kwa sauti, mezani kwa mama mkwe wake Clelia, mjane wa mwoka mikate aliyeishi peke yake ghorofa ya pili nyuma ya kanisa, na ambaye kila Jumapili aliwapikia bintiye na mkwewe. Bibi Clelia alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, kile kitu hakikujadiliwa. Alimsikiliza mkwewe akiapa, akamwongezea supu.

Karakana ya Evasio ilikuwa chumba cha kufulia, juu ya mashine yenyewe. Mashine ikifikia kukamua nguo, skrubu zote zilianza kutembea kuelekea ukingoni kama kondoo. Kilichotakiwa kuzunguka alikigandisha kwa gundi, na kilichotakiwa kuganda kilimwangukia mguuni. Magurudumu ya kushoto yalitangulia ya kulia, kwa hiyo kichwa chake cha treni kilichechemea kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja. Siku ya kufunga kibanda cha dereva aligandisha kidole chake cha shahada kwenye dirisha, akalazimika kwenda duka la dawa akiwa amevaa kibanda hicho kidoleni.

Mfamasia alikitazama kwa muda. "Kinauma?"

"Kinauma roho tu."

"Unaweza kukunja kidole?"

"Naweza, ila dereva ataanguka."

Hadithi hii aliisimulia mwenyewe baa kabla mfamasia hajaisimulia, maana alijua mji wake.

Kila Jumapili Bibi Clelia alimuuliza, huku akipitisha jibini: "Na treni yako, mwanangu?"

"Inaendelea, Mama."

"Zile fimbo za magurudumu, umezitia mafuta kabla ya kufunga au baada?"

"Kabla," alisema Evasio, ambaye hakujua kama kuna mafuta. Akawaza jinsi alivyo na bahati ya kuwa na mama mkwe muungwana, mjane wa mwoka mikate, anayejitahidi kuuliza mambo asiyoyajua ili tu kumfurahisha mkwewe.

Siku moja ya Alhamisi alipofika kibandani, Ornella mwenye kibanda aliinua mikono.

"Bwana Evasio, sina. Mwanzo mlikuwa kundi zima mnaonunua hiyo treni. Mkaacha mmoja mmoja, mkabaki wawili. Sasa msambazaji ananiletea nakala moja tu."

"Nakala yangu!"

"Nakala ya anayewahi. Mwenzako kawahi."

"Mwenzangu ni nani?"

"Nikikutajia, kesho nitamtajia daktari wa meno mke wake ananunua majarida gani. Hapana, bwana. Kibanda ni kama kanisa."

"Basi niandikie kwa makao makuu walete mbili."

"Nimeandika. Wamenijibu kwa kunitumia kalenda za paka."

Evasio alirudi nyumbani amejaa hasira za mtu aliyeporwa boila, ule mtungi wa treni wa kuchemshia maji. Alikata shauri kumvizia mwizi. Alhamisi iliyofuata alivaa kofia ya kuvulia samaki na miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa halijaonekana tangu Jumatatu, akaketi baa iliyotazamana na kibanda huku amejifunika uso kwa gazeti.

"Evasio," alisema mwenye baa, "macho yamekuwaje?"

"Mimi siye Evasio."

"Sawa. Asiye Evasio anakunywa kahawa ile ile?"

Padri alipita akamsalimu kwa jina. Wanawake wawili wa sokoni walimsalimu kwa jina la ukoo. Wakati anamweleza dereva mwenzake wa zamani kwamba yuko kazini na asisumbuliwe, kibandani alikuja kikongwe mmoja na kigari chake cha sokoni. Evasio alimtambua na karibu ainuke amsaidie kuvuta kigari kupanda ukingo wa barabara. Alikuwa Bibi Clelia. Alichukua jarida lake la mafumbo ya maneno, akapokea na boksi bapa la bluu, akalisokomeza katikati ya vitunguu majani, akaenda zake.

Evasio alivua miwani. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa karibu. Ikamjia kama mwanga: mama mkwe anamnunulia! Amemwona anavyohangaika, ameamua kumkusanyia matoleo kwa siri! Machozi yalimlenga hapo hapo mbele ya mwenye baa. Wiki nzima alimfanyia Bibi Clelia mambo ambayo mwanamume hufanya kwa mchumba tu. Alimtengenezea bomba la jikoni, akampelekea jibini la gorgonzola lililoiva hasa, akamsikiliza akisimulia upasuaji wake wa nyonga tangu mlangoni mwa hospitali hadi mlangoni pa kutokea.

Siku ya kuzaliwa ikafika. Bibi Clelia alimkumbatia mlangoni kwake, akampa soksi.

Zilikuwa soksi nzuri, za sufu. Evasio aliingiza mkono ndani ya moja, halafu ndani ya nyingine, akitafuta boila.

"Unatafuta nini?" aliuliza Nives.

"Naangalia kama zinanitosha."

"Unavaa mkononi?"

Walipomaliza tambi za agnolotti na nyama, Nives alikwenda jikoni kuosha vyombo, na Bibi Clelia akafuata kuweka birika la kahawa motoni. Evasio, mtu mzima, mstaafu mwenye heshima zake, aliinuka akanyata kwa soksi mpya kuelekea chumba cha cherehani. Juu ya meza kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cha mezani. Akafunua.

Kichwa cha treni kilikuwa pale. Cheusi, kimenyooka, kinang'aa. Aligusa gurudumu moja kwa ncha ya kidole, na yote yakazunguka pamoja, bila sauti, fimbo zikipanda na kushuka kwa adabu kama watu wa kwaya. Hapakuwa na tone la gundi. Evasio alikumbuka chake kilichokuwa juu ya mashine ya kufulia, akaona aibu ya mtu aliyekwenda harusini na pajama.

"Rangi haijakauka hapo mbele," alisema Bibi Clelia kutoka mlangoni. "Usishike."

"Mama! Ni wewe!"

"Ni mimi. Punguza sauti, Nives atasikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilinunua lile la kwanza kwa ajili ya kioo cha kukuzia. Mafumbo ya maneno siku hizi wanayachapa kwa herufi za kulishia sisimizi. Basi gurudumu likabaki mezani, linanitazama. Nikasema, ngoja nisome. La pili nikalinunua ili gurudumu lisiwe peke yake. Kisha wewe ukaapa mbele ya supu, nikaona haya kukukatisha tamaa."

"Kunikatisha tamaa? Unaniibia nakala!"

"Nilidhani umeshaacha, na ile 'inaendelea' yako ya Jumapili ni ya adabu tu. Wewe huwa unaacha." Alisema hivyo bila ubaya, kama anayetaja rangi ya nywele zake. "Lakini kaa, nikueleze shida yangu. Nilipolazwa ile nyonga, matoleo yalinipita. Sina silinda hata moja. Unaona hapa pembeni? Patupu. Wewe unazo?"

Evasio alikaa juu ya kiti cha cherehani. Silinda alikuwa nazo, zote mbili. Zilikuwa zimeshikana na fremu, fremu imeshikana na ngazi, na ngazi, kwa sababu ambazo hata yeye hakuzikumbuka, imeshikana na kifuniko cha sabuni ya unga.

"Ninazo, Mama. Kwa namna fulani."

"Ulitumia gundi ipi?"

"Yote."

Hapo ndipo Nives alipoingia na vikombe vya kahawa. Alimwangalia mumewe, akamwangalia mama yake, akakiangalia kile kitu cheusi mezani. Akaweka sinia chini polepole.

"Mama. Na wewe?"

"Ni mambo ya kujipitishia muda, binti yangu."

"Miaka yote hii nawaambia watu kwamba nimeolewa na mwendawazimu. Kumbe kwetu ndiko kwenye mbegu!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea cherehani, na mara tu aliponyamaza alimtazama Evasio miguuni akaanza upya.

Kulikuwa na nakala moja kwa wiki na vichwa viwili vya treni. Mtu yeyote mwenye macho angeamua kipi kiishi. Hata hivyo Evasio alikwenda nyumbani akakaa siku mbili chumba cha kufulia akikitazama chake. Kilikuwa kibaya, lakini kilikuwa kitu cha kwanza cha kujengwa alichokifikisha zaidi ya toleo la pili. Alikijua kila kovu. Siku ya tatu alichemsha maji, akachukua bisibisi na kisu cha jikoni, akaanza kukivunja. Kazi hiyo, alikiri baadaye, ndiyo pekee aliyoifanya vizuri tangu toleo la kwanza. Silinda zilitoka nzima. Kifuniko cha sabuni pia.

Kuanzia hapo kila Alhamisi alipita kibandani, ambako Ornella alimkabidhi boksi kwa uso wa mtu aliyejua tangu mwanzo, na kupanda ghorofa ya pili. Bibi Clelia alimpa kazi ya kusugua kingo kwa msasa na kushika taa. Gundi ilifungiwa kabatini. Akijaribu kusogeza mkono kwenye skrubu, alipigwa kwa sindano ya kufumia.

"Mama, mimi nimeendesha basi miaka yote ile bila ajali."

"Basi halina skrubu ndogo. Shika taa."

Na jambo la ajabu ni kwamba alifurahi. Kwa muda mrefu walikuwa wakionana kila Jumapili bila kuwa na la kusemezana zaidi ya supu na afya. Sasa walibishana kuhusu boila. Alikuja kujua kwamba mumewe Bibi Clelia, yule mwoka mikate, alioka usiku na kulala mchana, na kwamba kwa miaka mingi mke wake alijifunza kufanya kila kitu bila kutoa sauti. "Ndiyo maana mkono wangu hautetemeki," alisema. "Nilikuwa nafunga vifuniko vya sufuria kama naiba." Evasio akaisogeza taa karibu zaidi.

Toleo la mwisho lilifika mwezi wa tano, mvua ikinyesha. Lilikuwa na kibati cha namba na taa mbili za mbele. Bibi Clelia alifunga taa ya kushoto. Halafu akampa Evasio bisibisi afunge ya kulia. Nives, aliyekuja kushuhudia, alizuia pumzi. Evasio alitoa ulimi nje, akafunga, akaondoa mikono haraka kabla haijafanya jambo. Taa ilibaki mahali pake. Ilikuwa imeelekea juu kidogo, kana kwamba treni inatafuta ndege, lakini hakuna aliyeigusa.

Bibi Clelia alikisukuma kichwa cha treni kwa kidole. Kilitembea kwenye reli yake fupi, fimbo zikipanda na kushuka, kikasimama mwisho wa meza.

Evasio ndiye aliyefungua jarida ukurasa wa nyuma kwanza. Alisoma, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama," alisema. "Wanasema asanteni kwa uaminifu wenu. Kuanzia Septemba wataleta behewa la makaa."

"La ukubwa gani?"

"Miezi kumi hivi."

"Hapana," alisema Nives. "Hapana, hapana, hapana. Mama, mwambie."

Bibi Clelia alifuta miwani yake kwa ncha ya aproni, akakitazama kichwa cha treni kisicho na pa kubebea makaa. Kisha akamuuliza mkwewe kama Ornella hufunga kibanda saa ya chakula au huwa anakula humo humo ndani.