Walinipa Mtoto wa Kaka

Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka miwili, kaka yangu kumi na mitano. Tuliishi huko juu Uluguru, na yeye ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni kwa khanga ya marehemu akiteremka kuuza ndizi mjini, akanipikia uji, akanisuka nywele. Alinisuka vibaya, lakini alinisuka.

Kwa hiyo mke wake alipofariki siku nne baada ya kujifungua, sikuwa na wasiwasi juu ya mtoto. Wasiwasi wangu ulikuwa juu ya kaka mwenyewe, na majonzi yake.

Afisa ustawi wa jamii akatuita ofisini kwake Morogoro. Alikuwa binti mpole, alimwamkia kaka shikamoo na kumpa pole. Kisha akasema mwongozo wao unataka mtoto mchanga akae na ndugu wa kike.

"Mimi nauza vitunguu Dumila," nikamwambia. "Sijazaa. Hata kumwogesha mtoto sijui. Anayejua ni huyu."

"Usiogope, dada. Mwanamke ameumbwa hivyo. Utajua tu."

Kaka hakubisha. Alinipakatisha mtoto, akaanza kunieleza namna ya kumcheulisha, akaishia njiani, akatoka nje.

Sikujua. Maziwa ya kopo niliyachanganya mepesi mno, mtoto akawa analia kutwa. Wiki ya tatu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikampigia kaka, tukakutana hospitalini. Mlinzi akamzuia mlangoni: hii ni wodi ya akina mama, wanaume hawakai humu.

Akazunguka nyuma, akasimama dirishani.

"Mwinue kichwa," alisema kupitia wavu. "Kijiko kiguse mdomo wa chini tu. Usimmiminie. Msubiri."

Kijiko nilikiinamisha haraka mno, maziwa yakamwagikia shingoni mwake. Kaka akaufunika uso kwa viganja. Kisha akasema tena, taratibu, "Msubiri."

Mtoto alipona. Nikarudi kwa yule afisa kumwomba amrudishe kwa baba yake. Akasema atawaandikia wakubwa wake, lakini nisitegemee sana.

"Mbona umeweza?" akaniuliza, akitabasamu kwa nia njema kabisa.

Sasa mtoto ana miezi mitano. Kila Jumapili kaka hushuka kutoka mlimani, akamwogesha, akamlisha, akapanda basi la kurudi. Akishaondoka, mtoto hulia mpaka sauti inamkauka, nami nakaa naye mapajani nikimwomba Mungu nisikosee tena.