Viatu Vipya vya Kinyozi

Kinyozi wa kona ya posta haitwi kwa jina. Wateja humwita Mheshimiwa, cheo alichopewa na viatu vyake: vyeusi, vyembamba, vyenye ncha kali, vinavyong'aa hata mteja aliyeinamishwa kichwa anaweza kukagua kidevu chake humo. Kwa miaka mingi amesimama nyuma ya kiti cha kwanza, kilicho karibu na mlango, akizunguka vichwa vya watu asubuhi hadi jioni, safari ndefu isiyomfikisha popote.

Miguu ndiyo iliyoanza upinzani. Kila alipoamka na kukanyaga sakafu, kisigino kilimchoma kama amekanyaga msumari. Mchana vidole viligombea nafasi ndani ya ile ncha. Akaanza kunyoa huku ameegemea kiti, na kichwa kimoja kikatoka kimepanda upande. Mwenye kichwa alilipa, ila hakurudi.

Binti yake, anayenyolea kiti cha pili, hakuzunguka mbuyu. "Baba, kaa kaunta upokee hela. Kiti cha kwanza nitakishika mimi."

"Nikae kaunta? Mimi picha ya ukutani?"

"Picha haigumii, Baba."

Kiti hicho ndicho alichoogopa kunyang'anywa kuliko kitu chochote. Wakakubaliana aende hospitali. Mwezi ukiisha bado anagumia, anahamia kaunta.

Hospitali alimkuta mama anayetengeneza viatu tiba. Mama huyo alimkanyagisha kwenye sponji, akatazama alama za nyayo, akamweleza: upinde wa unyayo umelala, kisigino kinabeba mzigo usio wake, na vidole vimebanwa. Alihitaji kiatu chenye nafasi mbele, kisigino kifupi kilicho imara, na soli ya ndani iliyochongwa kufuata mguu wake, ishike upinde na kugawa uzito.

Viatu vikaja: vyeusi, vya ngozi, vipana kidogo. Mheshimiwa alivitazama kama mtu anavyomtazama mkwe ambaye siye aliyemtarajia, lakini katoka familia nzuri.

Mwezi ulipokaribia kuisha, maumivu yalikuwa palepale. Akavivaa, akarudi hospitali pamoja na binti yake.

"Mama, viatu vyako vizuri, ila havina dawa."

Mama wa viatu akamwomba avivue, akavigeuza. Soli safi kama sahani.

"Baba, hivi vimetembea wapi?"

"Harusini. Na msibani. Na leo, kuja kwako."

"Na kazini?"

Mheshimiwa akamwangalia kwa huruma. "Viatu vipya, kazini? Kule chini kuna nywele!"

Binti akajifunika uso kwa mkoba. Aliijua nyumba yao: vikombe vizuri vinaishi kabatini, sofa halijavuliwa nailoni tangu linunuliwe, na familia nzima inakunywa chai kwenye vikombe visivyo na masikio. Kitu kizuri husubiri siku kubwa. Safari hii miguu nayo ilisubirishwa.

"Siku yako kubwa ni Jumatatu," alisema mama wa viatu. "Na Jumanne. Kila siku unayosimama. Anza kwa saa chache, mguu uzoee, kisha uongeze."

"Nakupa mwezi mwingine, Baba," binti akasema. "Na vile vya ncha nakuwekea mimi."

Siku za mwanzo vigimbi vililalamika. Kisha kisigino kikanyamaza, kwanza mchana, baadaye hata asubuhi. Vidole vikajitandaza kama wenye nyumba. Mheshimiwa akaacha kuegemea kiti, na vichwa vikaanza kutoka vimenyooka pande zote. Kila jioni alivipangusa nywele viatu vyake, akavipaka rangi mpaka navyo vikang'aa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka lilifurika. Jioni binti alikuwa amejitupa kwenye kiti cha pili, akijipepea kwa kitana, mteja alipochungulia mlangoni.

"Mheshimiwa, umechoka. Nirudi kesho?"

"Umekuja kunyolewa au kunipima? Kaa."

Mteja akakaa kiti cha kwanza. Mheshimiwa akasimama wima nyuma yake, akawasha mashine.

"Siku nyingine uje mapema, kaka," binti akasema, bila kuinuka. "Baba hachoki. Ninayechoka ni mimi."