Vijiti vya Zinki na Birika la Mama

Msimamizi wangu wa chuo alinipa mwezi mmoja: nimwoneshe kipande cha plastiki kinachohisi mwanga hata kikikunjwa, la sivyo nibadilishe mada ya utafiti na kuanza upya. Mimi sipendi kuambiwa "la sivyo". Chuo kilikuwa likizo, basi nikafungasha chupa zangu, nikapanda treni hadi Kigoma na kuliteka jiko la mama kule Bangwe.

Kazi yenyewe ni ya kuotesha. Unaipaka plastiki utando mwembamba wa oksidi ya zinki, unailaza kifudifudi kwenye maji yenye dawa, unayapasha bila kuyachemsha. Baada ya saa kadhaa vinaota vijiti vidogo mno, jicho linaona ukungu mweupe tu. Jua likivipiga, umeme hupita kwa urahisi zaidi.

Maji ya betri niliyokuja nayo, yale safi yasiyo na tindikali, yaliishia kwenye jaribio la kwanza. Sikuhangaika. Sisi tuliokulia hapa tunalijua ziwa letu: ukisimama majini hadi kifuani unaziona kucha za miguu. Nikateka ndoo, nikaotesha. Yakatoka magamba meupe, nayo yakabanduka nilipoikunja plastiki kidogo tu. Nikarudia mara tano. Nililaumu moto, nikalaumu dawa, nikamlaumu hata mama kwa kufunua sufuria.

"Unapika nini wiki nzima kisichoiva?" aliniuliza, huku akilikwangua birika la chai kwa kijiko.

Magamba meupe yalidondoka kwenye beseni. Nikayaokota, nikayasugua kwa vidole. Niliona haya kwelikweli. Miaka yote namwona akilikwangua birika lile, na mkemia wa nyumba ni mimi. Mganga hajigangi.

"Mama, maji ya ziwa ndiyo yananiharibia."

"Hayo ndiyo yaliyokukuza," alijibu kwa ukali. "Leo yamekuwa mabaya?"

"Si mabaya, mama. Yana chumvi za mawe ndani."

Sikubishana zaidi. Niliyachemsha maji yaleyale, nikaweka bakuli katikati ya sufuria na kuugeuza mfuniko juu chini, mvuke ukadondokea bakulini tone kwa tone. Lita moja ilinichukua siku mbili. Nilikuwa nimeshapanda mchongoma.

Mara hii ukungu ulishika. Nilichora mistari miwili ya rangi ya fedha inayopitisha umeme, nikaunga waya za mita ya kupimia umeme, nikamfunga mama kipande hicho kwenye kifundo cha mkono na kumtoa uani. Namba zikapanda. Akakunja mkono, plastiki ikapinda, namba hazikuanguka. Akafunika kwa kanga, zikashuka polepole. Akafunua, zikapanda.

"Kinaliona jua," alisema, akafunika tena.

Machozi yalinitoka. Nilimpigia msimamizi palepale, mama bado kafungwa waya, nikamwambia sibadilishi mada.