Moshi wa Vyungu vya Mama

Harufu ya majani mabichi yakiungua juu ya udongo, hata leo ikinikuta njiani, nasimama. Ndiyo harufu ya uani kwetu, mtaa wa Kasenga. Tulitoka Burundi tukikimbia mauaji ya kule, tukavuka mto Ruzizi ulio mpakani na nguo za mwilini tu, na mama akaanza kufinyanga kabla nyumba haijapata mlango. Baba alichimba udongo ukingoni mwa mto Mulongwe, akaubeba kichwani. Mama aliukanda kwa miguu, akauchanganya na vigae vilivyosagwa ili vyungu visipasuke motoni, nami nilivisugua kwa jiwe laini mpaka ving'ae. Wanawake wa mtaa walikicheka Kiswahili chake, halafu walirudi kununua, maana maharage ya chungu chake yalikuwa na ladha yake.

Chefu wa avenyu yetu, mkubwa wa nyumba zote za barabara ile, aliitwa Kashindi. Namtaja, na akitaka anishtaki. Yeye ndiye aliyetuonyesha pahali pa kuchimba, na kila tulipochoma vyungu alikuja kujichagulia kimoja, akakalia kiti cha baba, akala. Mama alimwita kaka. Vita ilipofika, na kila aliyetoka ng'ambo ya Ruzizi akaanza kutazamwa kama adui, Kashindi aliacha kuingia kwetu. Akawa anapita tu nje, akiangalia paa letu kama mtu anayepima.

Siku ile mizinga ilisikika upande wa uwanda wa Ruzizi, majirani wakafunga mizigo kukimbilia ziwani. Baba alitaka tuondoke asubuhi. Lakini mama alikuwa amekwisha kuwasha moto, na kwa watu wa kwao moto wa vyungu hauachwi: aliyeuwasha anakaa hapo mpaka vipoe vyenyewe, la sivyo mkono wake hautafinyanga tena. Baba alimsihi, akachoka, akaketi kando yake. Kosa letu ndilo hilo, na ni la wafinyanzi tu. Mtu mwingine angekimbia.

Kashindi akaja na askari, akaunyooshea moshi kidole.

"Minye Kashindi nilisema toka zamani. Ule moshi iko alama ya kuita wenzao."

Mama akamjibu taratibu: "Kaka, iko vyungu tu. Hata weye utachagua chako. Muache vipoe."

"Mrundi, nani kaka yako?"

Askari walitaka kujua kama kuna bunduki chini ya majani, wakamwaga maji juu ya moto. Vyungu vikapasuka kimoja baada ya kingine, mlio wa mfupa ukivunjwa, na Kashindi akacheka, akasema leo Mama Vyungu amepika mawe. Chini hapakuwa na kitu ila vigae. Wale askari waliona aibu, nadhani wangeondoka. Kashindi ndiye aliyewapa kazi: alisema mume anajua bunduki zimefichwa wapi. Wakamchukua baba, hatukumwona tena. Mama na mimi tulipata boti ya kwenda Kigoma, na huko alifinyanga mpaka kufa kwake, lakini hakuwahi tena kuketi karibu na moto. Kuchoma aliniachia mimi.

Watu wa kanisani wananiambia yale yalikuwa mambo ya vita. Vita haikumjua baba yangu. Kashindi alimjua, alikula kwake.

Nimerudi Kasenga, nafinyanga na wanangu. Siku hizi watu wanapikia sufuria na kuweka maji kwenye bidoni za plastiki, ila wanaopenda kitu cha udongo bado wananitafuta, na moshi wangu hakuna anayeuuliza. Kashindi yu hai, meno yamemwisha, vijana wanamsalimia kwa mikono miwili. Juzi alimtuma binti yake aniambie: baba yake anataka mtungi wa maji kama ule wa zamani, maji ya bidoni yanamchukiza.

Mtungi ulikuwepo, mzuri, umekwisha kupoa. Nikamwambia: "Mwambie aje mwenyewe. Aniambie kwanza baba yangu walimlaza wapi. Mtungi atauchukua bure."

Binti akatazama chini, akaenda. Nilimngoja yule mzee, kusema kweli nilimngoja sana. Hakuja. Mtungi nimemuuzia mtu wa kijiji cha Runingu.