Kumbikumbi wa Maganda ya Kitunguu

Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, dada yangu aliniletea binti yake mdogo kutoka upande wa Mwingi, ambako hata mbuzi walikuwa wamechoka kutafuta majani. Mimi nilikuwa mwalimu wa nasari ya kanisa kule Kikima, mjane bila mtoto, na katika nyumba yangu viti vilikaliwa na vumbi tu.

"Mvua ikinyesha nitakuja kumchukua," dada aliniambia, hata chai hakumaliza.

Basi Jumapili watu wakipiga magoti kuombea mvua, nami nilipiga, maana njaa haina mchezo. Lakini nikifika kwenye amina niliiruka. Mtoto alikuwa kando yangu, amefumba macho kwa nguvu, akiomba arudi kwao.

Nasari yetu haikuwa na vitu vya kuchezea. Kumbikumbi hutoka mvua inaponyesha, na watoto hawakuwa wamewaona muda mrefu, kwa hiyo siku moja nikasema tutawatengeneza wenyewe. Walileta magunzi, maganda ya kitunguu, njiti za ufagio, na nyuzi za katani zilizobaki mama zao wakisuka viondo. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga. Uji mwingi uliishia midomoni kabla haujafika kwenye gunzi, nami nikajifanya sioni.

Mabawa niliyabandika mwenyewe, manne kwa kila mdudu, na ganda la kitunguu ni kaidi kuliko mtoto yeyote niliyewahi kufundisha. Nikageuka kufuta ubao. Nilipowatazama tena, mabawa yalikuwa yametapakaa sakafuni.

"Nani amefanya hivi?" nilifoka.

Walishangaa kweli. Mmoja akajibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni, "Mwalimu, kwani kwenu mnakulanga na mabawa?"

Hasira iliniisha, nikacheka hadi nikakaa chini. Nyumbani kwao kumbikumbi akishikwa ananyofolewa mabawa kwanza, kisha anaenda kwenye sufuria. Wangejuaje kwamba huyu wangu ni wa kutazamwa?

Ni mtoto wa dada peke yake aliyeacha mabawa ya mdudu wake. Nilidhani ananitii mimi mama yake mdogo.

"Wewe mbona hujatoa?"

"Huyu bado anaenda," alisema. "Akipata pa kukaa ndiyo atatoa."

Alisema kweli. Kila mtoto wa huku ameona kumbikumbi akishaacha kuruka anavyoangusha mabawa na kuingia ardhini kuanza maisha. Jioni hiyo alimweka mdudu wake dirishani, juu ya kitanda, uso wa mdudu ukitazama nje. Sikumuuliza tena.

Mvua ilikuja kwa kishindo, na nyuma yake kumbikumbi wenyewe. Tuliwaokota kwa beseni, nikawakaanga kwa chumvi. Yeye alikula akicheka, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Mimi nilimsogezea sahani yangu.

Dada hakuchelewa. Mtoto alimwona kutoka mlangoni, akapiga kelele kumwita mama yake, "Mwaitu!" na kukimbilia kwenye matope, mikono wazi. Kila mtoto hukimbilia mama yake hivyo. Hata hivyo iliniuma, na bado inaniuma. Nilimfungia nguo zake, nikawasindikiza hadi stendi, nikawapungia mkono mpaka basi likapinda kona.

Nyumba niliikuta kimya vilevile nilivyoijua zamani. Nikaenda kutandua kitanda chake. Kumbikumbi alikuwa bado dirishani, lakini amegeuzwa, anatazama ndani. Hakuwa na mabawa. Nilifikiri ni upepo, hadi nilipoyaona manne yote kando yake, yamepangwa vizuri, moja juu ya jingine.

Nililia, nakwambia. Nje majirani walikuwa wakiitana mashambani kwa furaha, kila mtu na jembe lake. Nilipomaliza kulia nilifunga dirisha, upepo usije ukamchukua.