Siku Skripti Yangu Ilipomtangaza Mke wa Mugisha

Nichekeni tu, nimeshazoea. Kuna watu Muleba ambao hadi leo wakiniona nashuka kwenye gari wananiuliza kama mume hajambo, na sijawahi kuolewa hata siku moja, na aibu yote hiyo niliitengeneza mwenyewe kwa vidole vyangu, Jumamosi mchana, nimekaa nyumbani kwetu Kahororo na ndizi ya kuchoma mkononi.

Mimi ndiye ninayeshughulikia kompyuta za chama kimoja cha wakulima wa kahawa, makao yake Miembeni, Bukoba mjini. Wakati huo nilikuwa bado kwenye majaribio, na mwenyekiti alishanitamkia mbele za watu: "Koku, msimu ukifunguliwa kompyuta za tawi la Muleba zisipoisoma kanzidata yetu, mkataba usahau." Kanzidata yenyewe, yenye kumbukumbu za wakulima wote, iko kwenye seva Bukoba, na seva ina cheti, yaani kitambulisho kinachotaja jina lake, mahali ilipo na nani ameithibitisha. Kompyuta ya Muleba isipokitambua cheti hicho haizungumzi nayo, inanuna tu. Basi nikaandika skripti, programu fupi tu (niliipenda skripti ile jamani!) inayokwenda kuibishia hodi seva, inaisalimu kwa namna ya kanzidata, inaomba cheti, inakirudisha, halafu inakisambaza kwenye kompyuta zote za tawi ili zikiamini. Kwa amri moja tu!

Sasa pale nyumbani seva ya ofisini sikuweza kuifikia, nikaweka kanzidata ya majaribio kwenye laptopu yangu na kuitengenezea cheti chake, kinachojithibitisha chenyewe. Ukitengeneza cheti unaulizwa jina la mwenye cheti na mahali alipo. Watu wenye akili huandika "jaribio". Mimi nikaandika Mke wa Mugisha, Kahororo.

Mugisha ni mkuu wa tawi la Muleba, mrefu, mpole, ana sauti ambayo akisoma taarifa ya mbolea unatamani mbolea isiishe. Hakuwahi kuniambia neno zaidi ya "ahsante kwa kazi". Lakini nilikuwa peke yangu, nikacheka, nikajaribu skripti, ikafanya kazi, nikaruka mpaka ndizi ikaanguka.

Siku ya kufungua msimu bodi nzima ilikuwa ukumbini Muleba, wakulima nje na magunia yao, wengine wameegemea madirishani. Mama yake Mugisha, Ma Paskazia, ni mjumbe wa bodi na alikaa mbele kabisa. Mimi kwa furaha (hakuna aliyeniomba!) nikaunganisha laptopu kwenye projekta ili kila mtu ashuhudie. Nikasema kwa sauti, "Tazameni, nabonyeza mara moja tu!"

Nikabonyeza. Skripti, ambayo sikuibadilishia anwani tangu Jumamosi, haikwenda Bukoba, ilikwenda kubisha hodi kwenye laptopu yangu mwenyewe, na ukutani yakatokea maandishi makubwa: Mwenye cheti, Mke wa Mugisha. Aliyemthibitisha, Mke wa Mugisha. Mahali, Kahororo. Kinasambazwa kwenye kompyuta zote.

Nikarukia waya wa projekta nikauchomoa, kumbe ni wa kipaza sauti, mwenyekiti akabaki anapanua mdomo bila sauti. Na kabla sijaupata waya wenyewe, karani wa mapokezi akapiga kelele kutoka chumba cha pili, "Mugisha, kompyuta zote zinasema zinamwamini mkeo tu, seva ya Bukoba zimeikataa!"

Madirishani walicheka mpaka magunia yakaangushwa.

"Mugisha," Ma Paskazia akasema, "umeoa lini?"

"Sijaoa, mama."

"Na wa Kahororo hapa ni nani?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilichoweza kufanya ni kumwendea, nikapiga goti, nikamsalimu kwa heshima ya Kihaya, "Shikamoo, waitu." Akanishika mikono yote miwili, na jamani, alikuwa anatabasamu! Nikawaza, kumbe inawezekana, kumbe Mungu anapitia hata kwenye skripti.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikautaja. Mikono yangu ikaachiliwa.

"Mawe!" akashangaa kwa Kihaya. "Mugisha, huyu ni dada yako!"

Kwetu watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani, hata kama babu zao hawakuwahi kuonana. Ndiyo maana Mhaya akikutana na mtu huuliza ukoo kabla hata hajakaa, nami sikumuuliza Mugisha kwa sababu msichana akianza kuuliza swali hilo anakuwa hajaficha kitu. Na dalili nilikuwa nazo! Nilishaona Mugisha hali samaki aitwaye kamongo, nami sili kamongo, nikafurahi kwamba tutapika chungu kimoja, wala sikukumbuka kwamba huo ni mwiko wa ukoo wetu.

"Dada wa Mugisha," mwenyekiti akasema, sauti imemrudia, "kahawa inasubiri."

Nikarekebisha anwani. Nikampigia Jovin, mwenzangu wa Miembeni, akakaa mbele ya seva yenyewe na kunisomea tarakimu za cheti halisi moja moja, mimi nazilinganisha na zile zilizoletwa na skripti (jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo). Zikalingana. Nikasambaza, kompyuta zikafunguka, gunia la kwanza likapanda mizani, watu wakapiga makofi. Mkataba niliupata. Halafu nikaenda nyuma ya ghala nikalia, maana nilimpenda kweli, na sasa kila akinipigia simu anasema "dada".

Nimeapa: siamini tena kitu kwa sababu tu kimeitikia hodi. Juzi fundi umeme mmoja wa Ijuganyondo alikuja ofisini kwetu, akanitazama, akaanza, "Habari za..." nikamkatiza, "Ukoo gani?" Akashangaa, akautaja. Si wetu! Nikamwambia akae, nikaenda kumchemshia chai, na nilipofika jikoni nikakumbuka sijamuuliza kama ana mke.